Kitabu cha Bawabu

Saa nne na nusu asubuhi si saa ya mwanamume mwenye kazi kurudi nyumbani. Kwa hiyo Wardia aliposikia ufunguo ukizungushwa mlangoni alijua kuna jambo, na kabla hajaliona jambo lenyewe alishakasirika.

Alikuwa jikoni, mikono imejaa unga, anasugua kuskusi kwenye sinia pana la mbao.

"Nani huyo?"

"Mimi."

"Wewe na saa hizi?"

Arezki aliingia akasimama kando ya friji. Koti la kazi alilibeba mkononi badala ya kulivaa, na pale kifuani palipokuwa na beji ya shule palibaki matundu mawili madogo ya pini.

"Wamenisimamisha," alisema.

"Umefanya nini?"

"Nimesoma kitabu."

Wardia alimwangalia mumewe kuanzia kichwani hadi viatuni, kama mtu anayetafuta mahali penye jeraha. Kisha akaanza kufuta mikono yake kwa aproni, kidole kimoja kimoja, polepole, na Arezki, aliyeishi naye miaka thelathini, alirudi nyuma hatua moja.

"Nimekwambia," alisema Wardia. "Baba Lynda, nimekwambia mara ngapi? Nimekwambia usome gazeti la mbio za farasi kama wanaume wengine. Nimekwambia ukilazimika kusoma hayo mambo yako basi uyasomee chooni, ufunge mlango. Kitabu gani?"

"Kile kinene. Cha yule profesa."

"Profesa gani? Nyumba hii imejaa maprofesa."

"Yule anayesema Uislamu na nchi za Magharibi haviwezi kukaa meza moja."

Wardia alijaribu kuelewa. "Yule anayetutukana?"

"Ndiyo."

"Wamekusimamisha kazi kwa kusoma kitabu cha mtu anayetutukana?"

"Hawajui kwamba anatutukana," alisema Arezki. "Wameona jalada tu."

Jalada lilikuwa na jambia upande mmoja na mnara wa kanisa upande wa pili, na katikati neno Uislamu kwa herufi nyekundu zinazochuruzika. Arezki alikuwa bawabu wa shule ya msingi, mwaka wa kumi na tisa sasa, katika mji wao wa viwanda vya nguo vilivyokufa, huko kaskazini mwa Ufaransa. Alifungua lango, akafunga lango, akawapokea watoto kwa majina yao na ya babu zao, na kati ya kengele na kengele akakaa ndani ya kibanda chake cha kioo na kusoma. Asubuhi hiyo alikwenda kufungua bomba la maji lililoziba nyuma ya jengo, akakiacha kitabu mezani. Josiane, karani wa shule, alipita kuchukua barua. Akaliona jalada. Akafungua. Ndani akakuta karatasi ndogo yenye mwandiko wa Arezki: Lazima wajibiwe, mmoja mmoja.

Zilikuwa zile nyakati ambazo kila lango la shule lilibandikwa tangazo la tahadhari, na wafanyakazi walipewa nambari ya simu ya kupiga wakiona jambo lolote wasilolielewa. Josiane alipiga.

"Lazima wajibiwe," Wardia alirudia. "Uliandika hivyo? Kwa mkono wako?"

"Nilimaanisha kujibiwa."

"Ulimaanisha kujibiwa!" Alilipiga sinia kwa kiganja, na punje za kuskusi zikaruka mpaka kwenye jiko. "Mungu wangu. Kuna wanaume walevi, kuna wanaume wenye wanawake wa nje. Mimi nimepewa huyu."

*

Mambo ya vitabu yalianza miaka minne nyuma, kwa swali la mzazi mmoja pale langoni. Siku hiyo kulikuwa na habari mbaya kwenye televisheni, na yule mama, mtu mwema kabisa, alimuuliza Arezki: nyinyi mnasemaje kuhusu hili? Arezki akarudi nyumbani akiwa ameinamisha kichwa. "Nimefanywa balozi," alimwambia mkewe, "wa nchi ambayo sijui hata mipaka yake." Jumamosi yake akaenda maktaba ya mtaa.

Tangu hapo hakusimama. Alisoma wanaosifu na wanaolaani, waliotoka kwetu na waliotoka kwao, vita vya msalaba, Andalusia, ukoloni, mafuta, hijabu. Vingine aliazima, vingine vilivyotupwa alivinunua kwa uzito kwenye soko la Jumapili. Walipokuwa mezani, kijiko mkononi, alikuwa akitoa sauti ya ghafla kama mtu aliyeumwa na nyuki: "Huyu anasema sisi ndio tulioichoma ile maktaba!" Na Wardia akimwambia: "Kula." Hakuwahi kumuuliza maktaba gani. Alikuwa na hofu, si ya vitabu vyenyewe, bali ya jinsi mumewe alivyokuwa anavisoma mahali pa watu, bila haya, kama mtu mwenye haki.

Jioni ile binti yao Lynda alifika moja kwa moja kutoka kazini, viatu vya kisigino mkono mmoja na simu mkono wa pili. Alikuwa na miaka ishirini na minne, akifanya kazi katika kampuni ya bima, na alizoea kusoma yale maandishi madogo ya chini ya mikataba.

"Baba, viko vingapi humu ndani?"

"Vitabu? Sijui. Mia mbili."

"Mia mbili! Wanaweza kuja kupekua, unaelewa? Watavipanga chini na kuvipiga picha. Lazima vishuke ghalani leo."

"Na huko ghalani hawatapekua?"

"Angalau havitakuwa juu ya kitanda!"

Wakaanza kuvitia kwenye maboksi ya mashine za kufulia. Lynda alishika kimoja, akakigeuza kuangalia maandishi ya nyuma. "Hiki kinasemaje? Kiko upande wetu?"

"Nusu," alisema Arezki.

"Nusu vipi?"

"Mpaka sura ya sita yuko upande wetu. Baadaye anakosana na mchapishaji, nadhani."

"Na hiki?"

"Hicho kinatuchukia, lakini kimeandikwa vizuri."

"Baba! Nauliza kipi ni cha hatari!"

Arezki aliwaza kwa dhati, kama alivyofanya kwa kila swali aliloulizwa, na tabia hiyo ndiyo iliyokuwa ikimmaliza mkewe. "Inategemea," alisema hatimaye, "anayesoma ni nani."

"Usiseme hivyo kwenye mahojiano," alisema Lynda. "Tafadhali. Ukiulizwa chochote sema ndiyo au hapana. Na useme samahani."

"Samahani ya nini?"

"Ya chochote, baba! Samahani ni samahani!"

Waliposhuka ngazi na boksi la tatu, jirani wa ghorofa ya pili, mzee Mpolandi aliyekuwa akitoa taka, alisimama pembeni kuwapisha. "Mnahama?" aliuliza.

"Hapana," alisema Wardia.

"Mnapaka rangi?"

"Ndiyo," alisema Wardia, na hasira ilimpanda kwa sababu ya uongo huo mdogo usio na maana, aliolazimika kuusema kwenye ngazi za jengo lake mwenyewe, amekumbatia boksi la karatasi kama mwizi.

*

Ijumaa alifika Haji Slimani, mweka hazina wa msikiti, na mkebe wa tende. Wardia alimkaribisha kwa furaha ya kweli. Siku tatu zilikuwa zimepita, na hakuna aliyegonga mlango. Alimwekea kahawa, akamletea mkate wa mafuta ukiwa wa moto, akakaa kando kusikiliza msikiti utamsaidiaje mumewe. Labda wangeandika barua. Labda wangetafuta wakili.

"Ndugu Arezki," alianza Haji, akipuliza kahawa, "tumesikia. Tumehuzunika sana. Watu hawa hawatutaki."

"Josiane ni mtu mzuri," alisema Arezki. "Ameogopa tu."

"Hata hivyo. Lakini na wewe ndugu yangu, tuseme kweli. Vitabu vya wale watu vya nini? Wanaotutukana! Kuna vijana wamekuona ukikisoma kwenye tramu. Wamekuja kuniuliza, huyu Arezki vipi, ameanza kuyumba? Ungesoma vya kwetu peke yake, haya yasingekukuta."

"Yangenikuta," alisema Arezki. "Jalada la vya kwetu ndilo wangeliogopa zaidi."

"Unaona? Unabisha. Kusoma sana kunaleta kubisha."

"Haji, wewe umekisoma?"

"Mimi? Niweke uchafu ule machoni mwangu?" Haji alikunywa funda moja, akaiweka kahawa chini kwa uangalifu. "Sasa, jambo lililonileta. Kamati imekaa. Tunaona ni vizuri, kwa ajili yako na kwa ajili yetu, kama Ijumaa mbili tatu hivi ungeswali nyumbani. Mpaka mambo yatulie. Unajua wanatuangalia. Mtu aliyesimamishwa kazi kwa sababu kama hizi akionekana anatoka pale, kesho gazeti litasema ni sisi tuliompa kitabu."

Arezki alikuwa akiangalia mkebe wa tende.

"Kwa hiyo," alisema Wardia kutoka kwenye kiti chake, "shuleni hatakiwi kwa sababu ni Mwislamu mno, na msikitini hatakiwi kwa sababu si Mwislamu wa kutosha. Nimesikia vizuri?"

"Dada Wardia, sikusema..."

"Na wote mmefika hapo kwa kitabu kimoja."

"Dada Wardia, ni hekima tu, ni kwa muda."

Wardia alisimama akachukua sahani ya mkate kutoka mbele yake. Haji alikuwa ameshika kipande nusu. Alikiangalia, hajui akile au akirudishe, na mwishowe alikitia mdomoni akiwa amesimama, akivaa koti lake. Hakuna aliyemsindikiza mlangoni.

Alipoondoka, Wardia alimgeukia mumewe. "Na wewe! Unakaa tu! Mtu anakufukuza msikitini ndani ya nyumba yako na wewe unaangalia tende!"

"Anaogopa," alisema Arezki.

"Kila mtu anaogopa! Josiane anaogopa, Haji anaogopa, Lynda anaogopa. Ni nani huyo mnayemwogopa nyote, nikamwone!"

*

Mahojiano yalipangwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi, katika ofisi iliyonuka zulia jipya. Barua ilisema mhusika anaruhusiwa kuja na mtu mmoja. Mtu wa chama cha wafanyakazi alikuwa likizo, na Lynda alinyimwa ruhusa kazini, kwa hiyo alikwenda Wardia, na kitambaa chake cha kichwani cha rangi ya kijivu na mkoba wa harusi za watu. Aliambiwa pale mlangoni kwamba ataketi, lakini hatazungumza.

Ng'ambo ya meza walikuwa watatu. Mwanamke wa idara ya wafanyakazi, ambaye alitabasamu kila alipotaka kusema neno baya. Mwanamume mmoja aliyejulishwa kuwa mshauri wa usalama, kijana, na faili jembamba. Na Bwana Castelain, mwalimu mkuu, aliyekuwa akiiangalia kalamu yake tangu walipoingia. Kitabu kilikuwa katikati ya meza ndani ya bahasha ya plastiki, kama nyama.

"Umeandika hapa," alisema mshauri, "lazima wajibiwe, mmoja mmoja. Wajibiwe vipi?"

"Kwa barua," alisema Arezki.

"Barua kwa nani?"

"Kwa aliyeandika. Yeye na wenzake wanaosema kama yeye. Huyu ana makosa ya tarehe kumi na moja, nimeyahesabu. Kuna mahali anamfufua mfalme aliyekwisha kufa."

"Umewahi kumwandikia?"

"Mara mbili."

"Akakujibu?"

"Hapana."

Kijana aliandika. "Na hilo lilikukasirisha."

"Wewe usingekasirika?"

"Mimi ndiye ninayeuliza, bwana."

"Basi, kidogo. Lilinikasirisha kidogo."

Wardia aliiona kalamu ikiandika neno hilo na kulipigia mstari. Alibana mkoba wake kwa mikono yote miwili. Sema samahani, alimwomba mumewe moyoni, sema samahani kama alivyosema mtoto. Lakini Arezki alikuwa ameketi wima na macho yake yana mwanga, na mkewe akatambua kwa mshangao na uchungu kwamba mtu huyu alikuwa na furaha. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne alikuwa akiulizwa kuhusu vitabu vyake.

"Tuelewe kitu kimoja," alisema yule mwanamke, akitabasamu. "Kwa nini mtu wa kazi yako asome kitabu kama hiki?"

"Mtu wa kazi yangu?"

"Bawabu. Hiki ni kitabu cha kitaalamu, cha chuo kikuu. Si kitu ambacho mtu angekitarajia... pale langoni."

"Ungetarajia nini?"

"Sijui. Kitu chepesi. Kitu cha kupumzisha kichwa."

"Kichwa changu hakijachoka," alisema Arezki kwa upole.

Mshauri alifunua ukurasa mwingine. "Nyumbani, hali ikoje? Mkeo, kwa mfano. Anavaa hivi kwa hiari yake?"

Alimuuliza Arezki. Wardia alikuwa ameketi hapo, mkono mmoja tu kutoka kwenye meza, na swali likampita usoni kwenda kwa mumewe kana kwamba lilikuwa swali kuhusu kiti.

"Nani amekisoma?" alisema Wardia, akisimama.

"Madam, ulielezwa kwamba..."

"Nilielezwa. Nimenyamaza dakika arobaini, muulizeni huyu kama nimewahi kufikisha tano." Kifaransa chake kilikuwa cha sokoni na hospitalini, lakini kilisimama. "Nauliza kitu kidogo. Kitabu kiko hapo. Zaidi ya wiki mume wangu anakaa nyumbani kwa ajili yake. Nani katika meza hii amekisoma? Wewe, Bwana Castelain?"

Mwalimu mkuu aligeuza kalamu yake. "Sijapata nafasi, Madam Wardia."

"Wewe?"

"Tumeletewa muhtasari," alisema mshauri.

"Muhtasari. Wewe, madam?"

Mwanamke hakutabasamu tena. Alimtazama Wardia moja kwa moja, na kwa mara ya kwanza alizungumza naye kama mtu. "Hapana," alisema. "Na wewe, je? Wewe umekisoma?"

Wardia alifungua kinywa. Chumba kizima kilimsubiri. Mumewe naye alimgeukia, bila lawama yoyote, akisubiri kama wengine.

Wardia alikifunga, akakaa chini.

Walirudi kwa miguu, ingawa tramu ilipita mara mbili. Karibu na daraja Arezki alisema, "Ahsante."

"Usinishukuru."

"Umewanyamazisha wote."

"Nimesema usinishukuru!" Na alitembea mbele yake mpaka nyumbani.

*

Barua ilikuja siku tisa baadaye. Lynda aliisoma kwa sauti, amesimama, koti mwilini. Hakuna kosa lililothibitika. Mfanyakazi anarejeshewa stahili zake zote. Hata hivyo, kwa kuzingatia utulivu wa jumuiya ya shule, kuanzia Jumatatu atahamishiwa ghala la samani, kule kwenye mwisho wa njia ya mabasi, kutunza viti na madawati.

"Umeshinda, baba!" alisema Lynda, na akamkumbatia. "Hakuna kosa! Imeandikwa hapa!"

"Kama hakuna kosa," alisema Wardia, "kwa nini anahamishwa?"

"Mama, usianze."

"Nauliza tu. Mtu asiye na kosa anapelekwa kuchunga viti."

"Imebaki miaka mitatu tu apate pensheni. Unataka agome? Baba, mwambie."

Arezki aliikunja barua vizuri, akairudisha ndani ya bahasha. "Viti havina maswali," alisema, na akaenda kuosha mikono.

Alianza kazi Jumatatu. Aliondoka gizani, akabadilisha mabasi mawili, akarudi na vumbi la mbao kwenye nyusi. Hakulalamika. Siku moja watoto wawili wa darasa la pili walimwona kwenye kituo cha basi wakapiga kelele, "Bwana Arezki! Bwana Arezki!" na mama yao, yuleyule aliyeuliza swali miaka minne nyuma, akawashika mikono akawavuta upande wa pili wa barabara, huku akimpungia mkono kwa tabasamu la kuomba radhi. Arezki alimsimulia mkewe kisa hicho kama anavyosimulia hali ya hewa.

Na hakusoma tena. Maboksi yalibaki ghalani. Jioni alikaa kwenye kochi akiangalia mashindano ya mapishi, watu wanaolia kwa sababu ya keki. Alikula bila kelele. Hakuna aliyepiga kelele mezani kuhusu maktaba iliyochomwa. Ndicho Wardia alichokuwa akimwomba Mungu kwa miaka minne, na sasa amepewa, na alikuwa hawezi kukivumilia. Alimuuliza, "Kuna nini duniani?" Arezki alisema, "Hakuna." Alimuuliza, "Yule profesa hajakujibu?" Arezki alisema, "Profesa gani?"

*

Mnamo wiki ya tatu, sokoni, kwenye meza ya mboga, mtu alimgusa Wardia bega. Josiane, na kikapu chake na kofia yake ya sufu.

"Wardia mpenzi! Habari za siku nyingi. Arezki anaendeleaje huko alikokwenda? Mwambie hatuna kinyongo naye kabisa."

Wardia alikuwa na kitunguu mkononi. "Hamna kinyongo," alisema.

"Hata kidogo! Mambo yameisha vizuri, si ndiyo? Nilikuwa silali. Na nilikuwa nataka kukuuliza, sherehe ya shule ni mwezi ujao. Utatutengenezea zile biskuti zako za tende? Watoto wanaziulizia."

"Josiane," alisema Wardia, "kile kitabu ulikisoma?"

"Mimi?" Josiane alishika kifua. "Niliona tu ile picha ya juu, nywele zikanisimama. Yule mtu wa usalama alisema nilifanya sawa. Kuhusu biskuti?"

"Nitaona," alisema Wardia.

Alitembea mitaa miwili nzima kabla ya kusimama. Nitaona! Alipaswa kusema hapana. Alipaswa kusema mengi, na kwa Kifaransa, pale mbele ya wauza mboga wote. Alijilaumu kwa kila tusi alilolijua kwa lugha ya kwao, na la mwisho lilipoisha alibaki na kile ambacho kilikuwa kikimkera kweli tangu siku ile ya mahojiano. Josiane hakukisoma. Haji hakukisoma. Wale watatu hawakukisoma. Na yeye, aliyelala kando ya kitabu hicho, aliyekipangusa vumbi kila kiliporudi kutoka maktaba, aliyeshusha wenzake ghorofa tatu ndani ya maboksi, hakuwahi hata siku moja kumuuliza mumewe: kinasemaje?

Akageuka, na vitunguu vyake, akaelekea maktaba.

Kijana wa mapokezi alikuwa na hereni sikio moja. Wardia alimweleza: kinene, jambia, mnara wa kanisa, herufi zinazochuruzika.

"Ah, kile," alisema kijana. "Kilirudishwa na watu wawili ndani ya plastiki. Nilidhani kimelowa." Alikwenda akakileta, akakifungua jalada la nyuma, na akacheka kidogo. "Ajabu. Kilitugharimu sana, hiki, na tangu tukinunue kimeazimwa na mtu mmoja tu. Mara saba."

"Namfahamu," alisema Wardia.

"Una kadi?"

Hakuwa nayo. Ilibidi atengenezewe, na aandike jina lake katika mistari minne, polepole, huku foleni ikikohoa nyuma yake. Hakuharakisha. Foleni ikohoe.

Arezki alikuwa kwenye kochi alipoingia. Kwenye televisheni mtu alikuwa akipamba keki. Wardia aliizima, akakiweka kitabu mapajani mwa mumewe, jambia likiangalia juu.

Arezki alikiangalia muda mrefu bila kukigusa. "Kimefikaje hapa?"

"Kwa miguu yangu. Nisomee."

"Mama Lynda, ni kurasa mia tano."

"Una mahali pa kwenda?"

"Kinakera. Utachukia."

"Nimekichukia miaka minne bila kukijua," alisema Wardia. "Sasa nataka nikichukie nikiwa nakijua. Toka mwanzo. Usiruke."

Alivuta kiti, akakaa mbele yake na bakuli la vitunguu na kisu. Arezki alitafuta miwani mifukoni, akaikosa, akaikuta juu ya paji la uso wake. Akafungua. Sauti yake ilitoka kavu, ya mtu asiyezungumza siku nyingi. Sentensi ya kwanza ilikuwa ndefu. Ya pili ilisema kwamba mtu wa dini hii, popote alipo, hana desturi ya kuuliza maswali.

"Ngoja," alisema Wardia, kisu hewani. "Huyu mtu ametujulia wapi? Amewahi kula kwa mtu yeyote wetu?"

"Kwenye dibaji anasema alikaa Algiers siku nne. Hotelini."

"Siku nne."

"Hotelini."

Wardia alikata kitunguu katikati kwa pigo moja.

"Endelea," alisema.